Msemaji Aliyepimwa kwa Gorogoro

Hapa mtaani kwetu, pembeni mwa Kitale, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Msemaji. Kijana wako akipata mchumba, na wazazi wa msichana wakituma neno kwamba mnaweza kwenda, wa kwanza kuambiwa hakuwa mchungaji wala mjomba, alikuwa Msemaji. Yeye ndiye angesimama mbele ya watu msiowajua, ashike fimbo yake kwa mikono miwili, awaombe binti yao kwa maneno ambayo hata baba wa kijana alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Mimi pia alinisemea. Kwetu ni Kachibora, na watu wetu walitoka upande wa kati wa nchi, kwa hivyo nilipompenda Nekesa wa Chwele baba yangu aliingiwa na baridi. Hakujua Wabukusu huombwa binti namna gani. Msemaji alikuwa Mbukusu wa huko huko Chwele aliyehamia Kitale miaka mingi. Alimwangalia baba, akamwambia, "Mzee, wewe vaa koti na unyamaze. Hiyo ingine ni yangu."

Siku hizo alikuwa mnene, na nasema mnene kwa heshima. Tumbo lilitangulia mlangoni, yeye akafuata. Wakwe walipenda kumwona akiingia, kwa sababu familia inayotuma mtu kama yule ni familia yenye chakula. Naye alikula. Kwa wakwe kuku huchinjwa, firigisi ikawekwa mbele ya mgeni mkubwa, na ugali ukaletwa ukiwa umesimama kama kichuguu. Huachi. Ukiacha chakula cha wakwe umeiacha nyumba yao, na binti utamsikia redioni. Kuna Jumamosi alizosema katika boma mbili, asubuhi moja na jioni nyingine, na kote aliacha sahani ikiwa nyeupe. "Mdomo unaokula," alikuwa akisema, "ndio husikizwa." Chai yake ilikuwa ya maziwa, na kijiko kilikwama kwa sukari.

Mimi nina mashine ya kusaga mahindi. Naitaja kwa sababu urafiki wetu ulikulia hapo, katikati ya vumbi na kelele za mkanda. Alikuwa mteja wangu mzuri sana, mtu wa mahindi yaliyokobolewa mara mbili, unga mweupe hadi unaona aibu kuupika. Halafu asubuhi moja akaja bila mahindi. Alisimama mlangoni akingoja nimalize gunia la mama mmoja, kisha akapanda kwenye mizani yangu, ile ya chuma ninayopimia magunia.

"Pima," akasema.

"Nipime nini, Mzee?"

"Si unaniona? Nipime mimi."

Nikasogeza mawe ya mizani. Nikamwambia ukweli, kwa lugha ya mahindi, kwa kuwa ndiyo ninayoijua: alikuwa gunia moja la kilo tisini, debe moja, na juu yake gorogoro moja, ule mkebe wetu wa kilo mbili. Yule mama alicheka hadi akaketi juu ya unga wake. Msemaji hakucheka. Alishuka polepole, akajipangusa koti, akasema, "Daktari amepata sukari kwa damu yangu. Ameniambia nishuke. Mimi nataka kufika chini ya gunia."

Nikamuuliza kwa nini hakupimwa huko hospitalini, maana huko mizani ipo. Akaniambia huko watu hawamjui. "Hapa nikipanda juu mtanicheka. Na mimi nataka mnicheke." Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine. Nimewajua watu wengi wanaoficha ugonjwa wao chini ya godoro, na yeye, aliyeishi kwa heshima ya watu, aliubeba wake hadi mahali penye midomo mingi zaidi Kitale nzima.

Sababu niliijua, kwa kuwa wote tuliijua. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfundisha kusema. Alikuwa msemaji kabla yake, na inasemekana alikuwa bora. Sukari ilimkamata, akaidharau, akawa anakula kama kawaida, na kidonda kidogo cha kiatu kikampeleka hadi akakatwa mguu. Mwaka mmoja watu walimbeba kwa kiti hadi ndani ya boma za wakwe. Baadaye wakaacha kumwita. Hakuna aliyemfukuza, waliacha tu kupita kwake. Kwa hao ndugu wawili, maneno ya ng'ombe wa mahari husemwa ukiwa umesimama, na kaka yake alikufa akiwa ameketi, kinywa kikiwa bado kizima. "Sitaki kubebwa," Msemaji aliniambia. "Nikifa sawa, wanibebe. Lakini kwa wakwe nitaingia na miguu yangu."

Kwa hivyo miguu yake aliilinda kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kipara kimoja pembeni pale rangi ilipobanduka. Kila jioni alikiweka sakafuni, akavua soksi, akainua nyayo juu yake moja moja na kuziangalia chini, kati ya vidole, kwenye kisigino. Mkewe alinisimulia kwamba hata wageni wakiwepo hakuacha. Anamsikiliza mgeni, anaitikia, na huku anakagua kisigino.

Biashara yangu na yeye iliharibika, niseme wazi. Unga mweupe uliisha. Akaanza kuniletea wimbi na mtama, na mahindi ambayo hataki yakobolewe. Nilinuna. Ukisaga wimbi kwenye mashine ya mahindi lazima uisafishe mara mbili, na kwa mtu aliyelelewa Trans-Nzoia, mahindi yenye maganda ni chakula cha ng'ombe. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba nyanya yake alikula wimbi hadi akapoteza meno yote na bado alikuwa anakimbiza kuku. Ugali wake mpya ulikuwa wa kahawia, mdogo kama ngumi. Nikamtania kwamba ngumi yake yenyewe ni kubwa, achukue ngumi ya mkewe. Alilitafakari hilo kwa uzito wote, na nikasikia baadaye kwamba alilifuata. Sehemu kubwa ya sahani ikawa mboga za kienyeji: mrenda, kunde au saga chungu ile ambayo watoto hukimbia. Mboga aliila kwanza. Ugali ulikuja mwisho, na ulikuta nafasi ndogo.

Akaanza pia kutembea. Vijana wa bodaboda, waliokuwa wakimbeba kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kanisa, hawakuelewa.

"Niaje, Msemaji. Panda bana, leo nakubeba bure."

"Kijana, wewe ndiye ulinipatia hii ugonjwa. Enda ukabebe mahindi."

Na kila Jumatatu akapanda mizani. Ikawa kama mchezo wa mtaa. Wanawake walipanga kuja kusaga siku hiyo. "Leo ameshuka gorogoro mbili," mmoja anapiga kelele barabarani, na mwingine anaitikia kutoka kwenye kibanda cha viazi. Wiki nyingine uzito ulipanda. Walimcheka kama alivyoomba, naye akasimama pale juu ya chuma na kukipokea kicheko hadi kikaisha. Sijui ningeweza.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa kujisifu, na mkewe akimkumbusha dawa alinuna siku nzima, halafu alinikumbusha mimi mambo yangu kwa sauti ya mahubiri. Alisema uongo pia. Siku moja tulikuwa tunatoka Bungoma kwa pikapu yangu, tunapita kwenye mashamba ya miwa, akaniambia nisimame ajisaidie. Nilisimama. Alikaa huko muda mrefu kuliko haja ya mtu mmoja. Nilipochungulia nilimwona amechuchumaa kati ya miwa, msemaji mzima wa watu, anatafuna na kutema maganda akiwa amefumba macho. Nilirudi kwenye gari kimyakimya. Jumatatu hiyo hakuonekana. Iliyofuata alikuja, akapanda, mizani ikamwonyesha gorogoro mbili juu, na kabla sijasema kitu akawageukia wanawake mwenyewe. "Nilikula miwa kwa shamba ya watu," akasema. "Haya, chekeni."

Dawa za hospitali alizimeza na kliniki hakukosa. Katika soko la Chwele mtu mmoja alimfuata na chupa ya maji machungu, akimwahidi kwamba akiimaliza sukari itakimbia kabisa. Msemaji alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kwa kuwa alipenda mtu anayejua kusema. Kisha akamwambia kwamba sukari ni mkwe. "Mkwe humfukuzi. Ameshaingia kwa familia. Unamheshimu, unamwekea mipaka, na humpi kila kitu anataka. Ukimzoea atalala kwa kitanda chako." Neno hilo alilirudia miaka yote. Watu walipomwambia amepona, baada ya kuona shingo yake imerudi, alikasirika. Alisema hajapona, wameelewana tu.

Lakini kazi yake ndiyo iliyoumia, na hapa ndipo alipopimwa kwa kweli. Alijaribu kwanza kudanganya. Katika boma moja alisema amefunga kwa maombi, na bahati mbaya baba mkwe alikuwa shemasi, akataka kujua ni maombi gani hayo. Mahali pengine alisema meno yanamuuma. Halafu kukaja siku ya kwenda Chwele kumwombea kijana wa jirani yetu, na mimi ndiye niliyeendesha pikapu.

Alikuwa amevaa koti lake la zamani. Mkewe alitaka lipelekwe kwa fundi likapunguzwe, akakataa, kwa sababu ni koti alilosemea miaka yote. Sasa lilimning'inia mabegani. Alipoingia nilimsikia shangazi wa msichana, mama mzee mwenye kitambaa cha kanisa, akimwambia mwenzake bila kupunguza sauti, kwa ulimi wake unaogeuza l kuwa r, "Hawa ni watu gani wanatuma mtu amekwisha hivi? Kama msemaji wao wanamnyima chakura, msichana wetu atakura nini?"

Chakula kikaja. Firigisi mbele yake, kichuguu cha ugali katikati. Msemaji alikula firigisi, akala kipande cha kuku, akaimaliza mboga yote iliyokuwepo, ambayo haikuwa nyingi. Ugali akaumega mara chache, kisha akanawa mikono. Kijana wetu alikuwa ametoa jasho hadi kwenye tai. Baba wa msichana akasukuma sahani yake mbele.

"Mmekataa chakula yetu?"

Nilijua kilichokuwa mezani. Msemaji angeweza kuvuta ule ugali na kuumaliza, kama alivyoumaliza katika boma zote za ujana wake, na tungerudi Kitale na mke. Nilimwona akiuangalia. Kisha akasimama, akaegemeza fimbo ukutani, akainama, na mbele ya wakwe akaanza kufungua kamba za viatu. Mtu wa kwetu havui viatu vyake namna ile mbele ya watu anaowaomba binti. Akavua na soksi. Akasimama peku juu ya sakafu yao iliyosuguliwa.

"Wazee, na mama zangu, angalieni hii miguu," alisema. "Ndugu yangu alikuwa na kama hizi. Wengi wenu mnamkumbuka, alisema hapa Chwele kabla yangu. Alikula kila mlima aliwekewa, kwa heshima yenu, hadi mguu ukakatwa. Mimi niko na hiyo ugonjwa yake. Hakuna mtu ananinyima chakula, ni mimi nimejinyima. Nimeingia kwenu na miguu mbili na nataka kutoka nazo, ndio siku ya harusi nisimame hapa tena. Kama hiyo ni kuwadharau, basi mnilaumu mimi, msimlaumu huyu kijana."

Yule shangazi aliinuka, akaenda jikoni, na nikadhani ameondoka kwa hasira. Alirudi na bakuli la mrenda uliokuwa wa chakula cha jioni cha watoto, akaliweka mbele ya Msemaji kwa mikono miwili. "Kura hii, mwanangu," akasema. Msemaji aliumaliza wote. Binti tulimpata.

Tulipokuwa tunaondoka, baba wa msichana alitufuata hadi kwenye gari. Alishika mlango, akaangalia nyuma kama wake zake hawasikii, akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo kitu huanza aje? Ni kiu?" Msemaji akamweleza: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, macho kuwa na ukungu, kidonda kinachokataa kupona, na wakati mwingine hakuna dalili hata moja. Akamwambia asisikilize maneno, aende apimwe. Tangu siku hiyo kila boma tulilokwenda kulikuwa na mtu wa kutufuata hadi getini. Wazee waliobishana naye juu ya ng'ombe mchana kutwa walimnong'oneza wakiwa wameinamia dirisha la pikapu. Nilijifunza kutowasha injini haraka.

Siku aliyofika chini ya gunia hakuamini. Alishuka, akavua koti, akaliweka juu ya mizani peke yake tuone lina uzito gani, akalivaa, akapanda tena. Chini ya gunia, na koti likiwemo. Wanawake wakapiga vigelegele, mkanda wa mashine ukikimbia bila mahindi. Alisherehekea kwa kununua njugu karanga za kutosha kila mtu na kula kiganja kimoja. Daktari alimpunguzia dawa mwaka huo, wala hakumwondolea zote, naye akanikaripia nilipomwambia sasa atupe zilizobaki. Koti akalipeleka kwa fundi.

Baadaye alirudi Chwele kulima, na tukawa watu wa simu. Mtaa ulipoa. Nilipata mteja mwingine wa kugombana naye, lakini hakujua kugombana.

Nilimwona tena mwaka huu. Binti yetu wa kwanza alipata mchumba, kijana wa Bungoma, na siku ya wao kuja nilisimama getini na koti langu, nikielewa kwa mara ya kwanza baridi ile ya baba. Pikapu yao ilikuwa inapanda kilima polepole, nikashangaa kwa nini. Mbele yake kulikuwa na mzee anatembea kwa miguu, fimbo mkononi, mwembamba aliyenyooka ndani ya koti lililomkaa sawasawa. Walikuwa wamemchukua yeye awasemee. Furaha niliyoipata ilinitoa machozi, nami si mtu wa machozi.

Alisema vizuri kuliko zamani. Nekesa, anayemwita Papa kama watu wa kwao wanavyowaita baba zao, alimpikia mrenda bila kuuliza. Mimi nilijiwekea kichuguu changu, nyumba ni yangu. Mambo yalikwenda hadi ikabaki kuongea ng'ombe, na hapo akasimama tena, akiwa bado na fimbo.

"Kuna neno moja limebaki," alisema, "na hili linatoka upande wetu. Tangu tuingie nimeona mwenye nyumba akijaza hiyo glasi ya maji, anakunywa, anajaza. Ametoka nje, amerudi, ametoka. Ako na kitambaa kwa kidole, na kidonda chake si cha jana. Sisi tunataka kuoa kwa nyumba iko na baba. Tunaomba aende apimwe sukari. Ng'ombe tutaongea siku atatuletea jibu."

Nilikuwa nimejiambia ni vumbi la unga linalonikausha koo. Nekesa alikuwa ameniambia niende hospitali tangu msimu wa kupanda mahindi, nami nikamjibu kwamba mashine haina mtu wa kuiangalia. Damu ilinipanda. Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Msemaji, wewe uko upande gani?"

"Leo si wako," akasema, akaketi.

Nikawatazama wazee wa upande wangu wanitetee. Wote walikuwa wanatikisa kichwa, wanakubaliana naye. Kwenye mlango wa jikoni binti yangu alikuwa amesimama, mkono mdomoni, na hakuwa anamwangalia mchumba wake, alikuwa ananiangalia mimi. Ningeweza kumkatalia daktari, na Nekesa nilikuwa nimemkatalia miezi. Msemaji alijua mlango gani sina ufunguo wake.

Walirudi baada ya majuma machache, yeye akitembea mbele ya pikapu. Nekesa alileta sahani mbili zinazofanana, mrenda mwingi na ugali wa kahawia mdogo, moja ya Msemaji na moja yangu. Hakuigusa yake. Alisimama kwanza.

"Mwenye nyumba, ulipimwa?"

"Nilipimwa."

"Jibu?"

Nyumba ilikuwa imejaa, na wengine sikuwajua hata majina. Nilitamani kusema malaria. Nilipotazama chini niliona viatu vyake, vimepigwa rangi, viwili.

"Nina sukari," nikasema. "Niko gunia moja na gorogoro sita. Nimeanza kushuka."

Mtu alicheka kule nyuma, nami nikamwacha acheke. Msemaji alichukua kisu, akakata firigisi ya mgeni mkubwa katikati, akaweka nusu kwenye sahani yangu, akaketi.

"Haya, wakwe," akasema. "Sasa tuongee ng'ombe."